Swali Lisiloandikwa: Maneno Juu ya Masomo ya Elimu ya Nafsi na Njia za Utafiti

(Maneno haya yalisomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni, nayo yamechapishwa hapa kwa matakwa ya Kamati.)



Tulipoombwa na Katibu tuseme mbele yenu habari za masomo yetu ya Chuo Kikuu, tulisita kidogo. Sisi si wanazuoni. Tu watumishi watatu wa ofisi moja, wawili wa masjala na mmoja wa uhasibu, tuliojiandikisha kusoma nyakati za jioni na siku za mwisho wa juma, na mpaka leo tumemaliza mwaka wa kwanza tu. Mtu aliyeona mlango wa nyumba hawezi kusimulia vyumba vyake vyote. Walakini Katibu alitujibu ya kuwa wanachama wengi wanauliza kama masomo haya yamfaa mtumishi mwenye kazi na watoto, na ya kuwa hapana awezaye kuwajibu ila walioyaonja. Kwa hiyo tumekubali. Maneno haya tumeyaandika pamoja, ingawa msomaji ni mmoja.

Masomo yenyewe ni mawili, nayo hufundishwa sambamba. La kwanza ni utangulizi wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa watu. La pili ni njia za utafiti. Wenzetu wa ofisini waliposikia jina la lile la kwanza walianza kutukimbia kwa mzaha, wakisema, "Msikae karibu nao, watawasoma yaliyomo moyoni." Tarishi mmoja, mzee wetu tunayemheshimu sana, alitutaka kwa siri tumwambie ni nani aliyemwibia mwavuli wake. Ilitubidi tumjibu kwa masikitiko ya kuwa bado hatujafika sura hiyo. Na kusema kweli, wakati ule tulidhani ya kuwa sura hiyo ipo. Haipo. Anayetaka kujiandikisha kwa tamaa ya kujua siri za watu, heri abakize ada yake.

Na lile somo la pili, la njia za utafiti, tulilichukia tangu siku ya kwanza. Tulilitazama kama vile mtoto atazamavyo dawa chungu iliyofuatana na sukari: tukasema, tulimeze upesi ili turudi kwenye saikolojia. Lina hesabu, lina majedwali, lina maneno yasiyo na ladha. Leo tumekuja kukiri mbele yenu ya kuwa tulikuwa tumekosea, na ya kuwa kama tungelazimishwa kulitupa moja katika hayo mawili, tusingelitupa lile la utafiti. Sababu yake ndiyo tutakayoieleza.

Vitabu huanza historia ya elimu hii katika mwaka wa 1879, mjini Leipzig katika nchi ya Ujerumani, ambako Wilhelm Wundt alifungua maabara ya kuichunguza nafsi kwa majaribio. Kabla ya hapo mambo ya nafsi yalikuwa ya wanafalsafa, ya mashehe na mapadri, na ya wazee wetu wa mabarazani, nao hawakuwa wajinga. Tofauti ilikuwa katika kupima. Twaweza kupita hapo upesi.

Lakini hatuwezi kumpita Hermann Ebbinghaus, maana alitufaa sana. Bwana huyu, naye Mjerumani, alitaka kujua jinsi mtu anavyosahau. Akajitungia silabi nyingi zisizo na maana yoyote, ili asisaidiwe na maana, akazikariri mwenyewe, kisha akajipima baada ya dakika kadhaa, baada ya saa, baada ya siku, hata baada ya mwezi. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1885 alionyesha ya kuwa usahaulifu hauendi sawasawa kama maji yanayovuja katika mtungi. Huanza kwa kasi kubwa: baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya faida ya kujifunza imekwisha potea, kisha mwendo wake hupungua, na kile kilichobaki hudumu. Aliona pia ya kuwa kurudia kwa siku mbalimbali hushinda kurudia mara nyingi kwa siku moja. Sisi tulikuwa na desturi ya watumishi wote wasomao: kuacha vitabu mpaka juma la mtihani, kisha kukesha na kahawa. Tangu kusoma habari za Ebbinghaus tulianza kusoma dakika ishirini kila asubuhi katika basi, tukiulizana kwa kadi. Abiria walituona kama wendawazimu, lakini alama zetu zilipanda. Hilo tu, kwa maoni yetu, lilirudisha sehemu ya ada.

Sasa tufike kwenye farasi.

Katika mji wa Berlin, mwanzoni mwa karne iliyopita, alikuwako mwalimu mzee aliyestaafu, jina lake Wilhelm von Osten, naye alikuwa na farasi aitwaye Hans. Mzee huyu alimfundisha farasi wake hesabu kwa muda mrefu, kwa subira ile ile ya mwalimu wa darasa la kwanza. Akimwuliza mbili na tatu ni ngapi, farasi hupiga kwato chini mara tano, kisha huacha. Watu wakaja kutazama, wakubwa kwa wadogo, na katika mwaka wa 1904 ikaundwa kamati ya mabingwa kuchunguza kama kuna hila. Kamati ikasema hakuna hila. Na kweli haikuwako. Mzee yule hakuwa mwongo wala hakuwatoza watu fedha. Ndipo Oskar Pfungst akaendelea na uchunguzi kwa njia nyingine. Alipanga maswali mengine yaulizwe na mtu anayejua jibu, na mengine na mtu asiyelijua. Akapanga tena farasi azuiwe asimwone mwulizaji. Mwulizaji asipojua jibu, farasi naye hakujua. Farasi asipomwona mwulizaji, alipigapiga kwato ovyo. Ikadhihirika ya kuwa mnyama yule hakuwa akihesabu, bali alikuwa akitazama. Kwato zikifika hesabu iliyo sawa, mtu anayejua jibu huinua kichwa kidogo sana pasipo kujijua, na farasi huona, akaacha. Pfungst alieleza hayo katika kitabu chake cha mwaka wa 1907, na katika hayo yote lililotushangaza zaidi ni hili: hata yeye mwenyewe, akiisha kuijua siri, alishindwa kukizuia kichwa chake.

Mwalimu wetu alipomaliza kisa hiki darasani, wanafunzi vijana walicheka. Sisi watatu tuliokuwa tumekaa nyuma hatukucheka sana. Tulitazamana. Kila mmoja wetu, kama tulivyokuja kuambiana baadaye njiani, alikuwa amekumbuka jambo moja.

Jambo hilo ni hili, nalo twalisema kwa haya. Miaka michache kabla ya kuanza masomo, katika ofisi ambayo hatutaitaja, jalada moja la shauri la kiwanja lilipotea katika masjala. Palikuwa na watu wenye kulitaka lipotee, kwa hiyo maneno yakawa mengi. Mwenzetu mmoja, karani wa siku nyingi, alishukiwa kwa sababu ndiye aliyelishika mwisho. Ikaundwa kamati ya uchunguzi ya watu watano, na wawili katika sisi tulikuwamo. Tukamwita mama mmoja afanyaye usafi, mtu mwaminifu asiye na neno na yeyote. Tukamwuliza, "Ulimwona saa ngapi akitoka na lile jalada?" Mama akafikiri, akasema labda saa kumi. Tukamwuliza tena, "Alilibeba wazi au alilificha ndani ya gazeti?" Akasema, alikuwa na gazeti. Tukaandika: shahidi amemwona mtuhumiwa saa kumi akitoka na jalada ndani ya gazeti. Karani yule akasimamishwa kazi kwa nusu mshahara, akakaa hivyo miezi saba. Kisha siku moja, katika kuhamisha makabati, jalada likaonekana. Lilikuwa limetiwa ndani ya jalada jingine lenye namba inayofanana nalo, tarakimu mbili zikiwa zimepishana. Mwenzetu akarudishwa kazini kwa barua ya mistari minne.

Wakati ule sisi tulisema, yule mama alitudanganya. Hivyo ndivyo tulivyosema, tukamnunia. Ilitubidi twende Chuo Kikuu ili tujue ya kuwa hakutudanganya hata kidogo.

Maana katika muhula wa pili tulisoma habari za Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani, waliotoa utafiti wao mwaka wa 1974. Waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu za magari yakipata ajali, kisha wakawauliza yalikuwa yakienda kwa mwendo gani. Swali lilikuwa moja, ila kitenzi chake kilibadilishwa. Wengine waliulizwa mwendo wa magari yalipogusana, wengine yalipogongana, wengine yalipobondana. Walioulizwa kwa neno la kugusana walikadiria kwa wastani mwendo wa chini ya maili 32 kwa saa. Walioulizwa kwa neno la kubondana walipita maili 40. Filamu ni zile zile. Tena katika jaribio la pili waliwaita watu 150, wakawauliza kwa njia hiyo, wakawaacha juma zima, kisha wakawauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwamo katika filamu. Katika watu 50 walioulizwa kwa neno lile kali, 16 walisema waliviona. Katika 50 walioulizwa kwa neno la kugongana tu, walikuwa 7. Na katika 50 ambao hawakuulizwa habari za mwendo, walikuwa 6.

Basi yule mama hakuona jalada. Sisi ndio tulilomtilia jalada machoni, kisha tukalitia ndani ya gazeti, na yeye kwa adabu yake akalipokea. Alikuwa akitazama vichwa vyetu.

Ipo na sehemu ya pili, nayo ni chungu zaidi. Mmoja wetu aliyekuwa katika kamati alikuwa na shaka. Aliona ya kuwa mama amesitasita. Lakini Mwenyekiti wa kamati alitoa rai yake kwanza, akafuata aliye chini yake kwa cheo, akafuata wa tatu, na zamu ilipofika kwa mdogo wao wote, shaka ile aliimeza. Tulipofika kwenye sura ya Solomon Asch tuliiona kamati yetu imechorwa pale. Asch, katika miaka ya 1950, aliwakalisha watu mezani, akawaonyesha mstari mmoja na mistari mingine mitatu, akawauliza ni upi uliolingana na ule wa kwanza. Jambo lilikuwa wazi kama mchana. Lakini wote mezani isipokuwa mmoja walikuwa wameagizwa waseme jibu la uongo, na huyo mmoja asiyejua alisema karibu na mwisho. Karibu theluthi ya majibu ya watu hao yalifuata uongo wa wenzao, na watu watatu katika kila wanne waliufuata japo mara moja. Walakini alipokuwako mtu mmoja tu mezani aliyesema kweli, ufuasi ulipungua sana. Na mtu aliporuhusiwa kuandika jibu lake kwa siri badala ya kulisema, ulipungua pia. Twawaomba mlikumbuke hilo la kuandika, kwa kuwa tutalirudia.

Baada ya mtihani tulikwenda nyumbani kwa mwenzetu yule karani. Tulimweleza yote, habari za magari na habari za mistari, tukamwomba radhi. Alitusikiliza kwa utulivu, akatuandalia chai. Kisha akauliza, "Na lile swali la kwanza alilouliza yule mama, lilitungwa na nani?" Tulitazamana tena. Hatukukumbuka. Mmoja alisema ni Mwenyekiti, mwingine alisema ni Katibu wa kamati. Basi tukaomba ruhusa, tukalifungua jalada la uchunguzi. Majibu yote yamo, yameandikwa kwa hati nzuri, na kila ukurasa una sahihi. Swali hata moja halimo.

Wenzetu, hiyo ndiyo sababu ya sisi kusema ya kuwa somo la njia za utafiti halipasi kutupwa. Kazi yetu watumishi ni kuuliza na kuandika. Twauliza katika madirisha, twauliza katika usaili wa kazi, twauliza vijijini wakati wa kuhesabu watu na mifugo, na tukiisha kuandika, maneno yetu hugeuka kuwa mambo: mtu hupata kiwanja au hukikosa. Saikolojia yatuambia ya kuwa binadamu ni kiumbe apokeaye ishara. Utafiti ndio utuambiao jinsi ya kuuliza pasipo kutoa ishara, na jinsi ya kuacha alama za miguu ili mwingine aje aone tulipita wapi.

Tusije mkadhani ya kuwa tulielimika mara moja. Zoezi letu la kwanza lilikuwa kuuliza watu kama wanaridhika na huduma ya ofisi yetu. Tulitunga hojaji, tukaketi nyuma ya dirisha na vitambulisho vyetu shingoni, tukawauliza watu arobaini waliokuja siku hiyo. Karibu wote walisema wameridhika sana. Tukafurahi, tukachora jedwali la rangi. Mwalimu alitupa alama ya chini kuliko zote tulizopata mwaka ule, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mwenye shida dirishani hatamtukana mwenye ufunguo." Tena akauliza: na wale ambao hawakuja? Waliokata tamaa wakakaa nyumbani, mmewauliza wapi?

Swali hilo la mwisho lina historia ndefu katika nchi zetu hizi, na ndilo lililotuonyesha ya kuwa kosa la namna hii laweza kuwatukana watu wa bara zima. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, alikuwako kati ya miaka ya 1938 na 1950 daktari mmoja wa kikoloni, J. C. Carothers. Alihesabu wagonjwa walioletwa hospitalini, akaona wenye ugonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni wachache, naye akahitimisha ya kuwa ugonjwa huo ni haba kwa Waafrika. Katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1953 alifika hata kumfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata Serikali ya kikoloni ya Kenya ikapiga chapa maandishi yake juu ya nafsi za watu wa Mau Mau, ambamo madai ya watu juu ya ardhi yao yalielezwa kwa sehemu kubwa kama maradhi ya akili iliyoyumba. Frantz Fanon alimjibu kwa ukali mwaka wa 1961. Lakini jibu tunalolipenda zaidi ni la wale waliotoka nje wakaenda kuuliza. John Orley na John Wing waliingia katika vijiji viwili vya Uganda, wakawauliza watu nyumbani kwao kwa utaratibu ule ule uliotumiwa kwa wanawake wa mtaa mmoja wa London, na katika taarifa yao ya mwaka wa 1979 sonona ilionekana kuwa nyingi zaidi vijijini kule kuliko London. Wenye huzuni walikuwako siku zote. Hawakuwa wamefika dirishani, basi.

Kwa sababu hiyo twamwambia kila Mwafrika anayeingia darasa hili asipokee kitabu kama wahyi. Mwaka wa 2008 ilionyeshwa ya kuwa katika majarida makuu ya saikolojia, asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Vitabu vikisema "mtu hufanya hivi", mara nyingi maana yake ni mwanafunzi wa chuo cha Marekani hufanya hivi. Robert Serpell alilionyesha jambo hili vizuri katika utafiti wake wa mwaka wa 1979 juu ya watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester. Alipowapa kalamu na karatasi wanakili michoro, wale wa Uingereza walishinda. Alipowapa waya, walishinda wale wa Zambia, ambao hujitengenezea magari ya waya tangu udogo. Kwa udongo walikuwa sawa. Mtu aliyewapima kwa kalamu peke yake angerudi kwao na habari za akili ndogo. Twasema haya tukikumbuka usaili wa kazi, ambako kila mwombaji hupewa kalamu.

Wala haki haikutuacha tusiseme mema ya wageni waliotazama kwa makini. Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka wa 1954, na akiwa na mkalimani akazitembelea nyumba 26 za Waganda kwa miezi mingi, kila baada ya majuma mawili hivi, akitazama tu jinsi watoto wachanga wanavyoambatana na mama zao. Kitabu chake cha mwaka wa 1967 ni msingi mmoja wa elimu ya malezi inayofundishwa ulimwenguni kote. Wengi wanaoisoma huko mbali hawajui ya kuwa ilianza kwa kukaa sebuleni kwa akina mama wa Uganda.

Na elimu hii hujihukumu yenyewe, jambo ambalo ofisi zetu hazijazoea. Mwaka wa 2015 kundi kubwa la watafiti lilitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizokwisha kuchapishwa. Katika zile za asili karibu zote zilikuwa na matokeo yaliyohesabiwa kuwa ya kutegemewa, lakini ziliporudiwa yalionekana katika asilimia 36 tu. Wako wanaosema hiyo ni aibu ya saikolojia. Sisi twauliza: ni idara gani iliyopata kuchukua maamuzi yake 100 ikayarudia mbele ya watu?

Tumesema mengi, na saa imekwenda. Yaliyobaki ni ya manufaa kwa anayetaka kujiandikisha. Hesabu za takwimu zisimwogopeshe mtu aliyekwisha funga vitabu vya fedha. Mwenzetu wa uhasibu ndiye aliyetuvusha. Ugumu ni lugha, kwa kuwa vitabu vingi ni vya Kiingereza kizito. Tulichofanya sisi ni kuandika kila jambo kwa Kiswahili katika daftari kabla ya kulala. Lililokataa kuandikika kwa Kiswahili tulijua ya kuwa bado hatujalielewa. Muda utamtosha mtu akikubali kupoteza mpira wa jioni. Kuhusu mke au mume na watoto, waombwe ridhaa mapema, maana ridhaa ni msingi wa utafiti wote. Tulifundishwa jambo hilo kwa kisa cha Stanley Milgram, ambaye katika utafiti aliouchapisha mwaka wa 1963 aliwafanya watu 26 katika 40 waamini ya kuwa wamemchoma mwenzao kwa umeme mpaka kiwango cha mwisho, kwa sababu tu mtu aliyevaa koti la maabara amewaambia waendelee. Hapakuwa na umeme, lakini watu wale walitetemeka na kutoka jasho, na leo isingekubalika kuwafanyia hivyo pasipo kuwaeleza. Kisa hiki chasomwa kwa habari ya utii. Mtumishi wa serikali akisoma peke yake usiku.

Hoja yetu kwa Chama, tuliyoiweka mezani kwa Katibu, ni fupi. Chama kiwaombe wakubwa wa idara kwamba katika kila kamati ya uchunguzi wa mtumishi, kila swali liandikwe pamoja na jibu lake, na jina la aliyeuliza. Shahidi aachwe aseme kwanza aliyoyaona kabla ya kuulizwa lolote. Na wanakamati waandike rai zao kwa siri kabla ya Mwenyekiti kusema yake. Mwenzetu karani amesoma hoja hii, akabadilisha neno moja, akatia sahihi ya nne.

Daftari zetu ziko tayari kuazimwa. Anayezitaka aandike jina kwa Katibu, na atakayechukua lile la takwimu asilikawishe, kwa kuwa mmoja wetu anarudia mtihani mwezi ujao.